Mshale Haujui Njia Peke Yake

Shemeji yangu ana pikipiki mbili za bodaboda hapa Dar es Salaam, na vijana wawili wanaomletea hesabu kila jioni. Siku moja alipita Kariakoo akauziwa kidude cha duara, kipana kidogo kuliko sarafu, akaambiwa ni "GPS isiyo na malipo ya mwezi". Akakificha chini ya siti ya pikipiki moja, akaenda zake roho ikiwa imetulia. Haikuchukua muda simu yangu ikaita.

"Shem, hiki kidude chako kimegoma."

"Changu tena?"

"Si wewe ndiye mtu wa mitambo? Kinaniambia pikipiki iko Ubungo tangu asubuhi. Dogo yuko Goba, nimeongea naye sasa hivi, mpaka kuku wa jirani nimewasikia."

"Hakijagoma. Mtu wa mwisho aliyekisikia alikuwa Ubungo."

"Mtu gani?"

Lilikuwa swali zuri kuliko alivyodhani, na kulijibu kwenye simu nilishindwa. Naandika hapa kwa ajili yake na kwa wengine waliouziwa maneno yale yale.

Kidude kile hakina GPS. Hakijui kiko wapi, na hakitajua kamwe. Ndani yake mna redio ndogo ya Bluetooth, betri bapa kama ile ya rimoti ya gari, na kazi moja: kila baada ya muda mfupi kinatangaza kwamba kipo. Mahali unapopaona kwenye ramani pamejazwa na watu wengine, simu za wapita njia ambazo zimesikia tangazo hilo bila wenyewe kuhisi lolote. Na ule mshale unaoonekana kwenye baadhi ya simu ukikaribia, "mita 4, kulia kwako", nao una historia hiyo hiyo ya kuazima. Katika miaka yangu ya kuhangaika na mawimbi sijakutana na redio iliyosimama peke yake, ikiwa na antena moja isiyogeuka, ikaweza kusema sauti inatoka upande gani. Lazima iwepo ya pili ya kulinganisha nayo, au hiyo moja igeuzwe na kuhamishwa mpaka iwe jirani wa nafsi yake.

Waliokua kabla ya ving'amuzi wanalijua hili kwa mikono yao. Dar es Salaam ilizimiwa matangazo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012. Kabla ya hapo kila nyumba yenye televisheni ilikuwa na mlingoti, na juu yake antena ya mabomba. Mmoja yuko juu ya bati anageuza, mmoja yuko dirishani anapaza sauti, mama yuko mbele ya kioo anaangalia chenga. "Bado! Bado! Hapo hapo! Ah, umepitiliza, rudi!" Aliyeshika mlingoti haoni picha. Anayeona picha hagusi mlingoti. Upande wa kituo cha kurushia matangazo ulipatikana katikati yao, kwa kulinganisha chenga za sasa na chenga za nusu dakika iliyopita.

Mimi kazi yangu ni ya minara ya simu, na huko ndiko imani potofu ilikojaa. Watu wanaamini mnara unaona. Mtu akiibiwa simu anataka kampuni imwambie nyumba, chumba, na ikiwezekana mfuko. Ukweli ni kwamba mnara wa kawaida una nyuso tatu, kila uso ukihudumia theluthi ya duara, yaani nyuzi 120. Ukipiga simu, mnara unajua uso upi umekusikia. Kwa 2G unajua pia umbali wako kwa hatua za takribani mita 550, kwa kuwa unapima muda ambao mawimbi yako yametumia kufika. Weka hayo mawili pamoja utapata kipande cha pete juu ya ramani. Kule mashambani kipande hicho kinaweza kuwa na nyumba tatu na mbuyu. Manzese kina watu wengi kuliko mji mdogo.

Kinachokipunguza kipande hicho ni majirani. Ukiwa kwenye maongezi ya 2G, simu yako inasikiliza minara ya jirani, mpaka sita kwa mpigo, na kuripoti nguvu ya kila mmoja karibu mara mbili kwa sekunde. Lengo la ripoti hizo halina uhusiano na kukutafuta. Zipo ili maongezi yasikatike daladala inapotoka Magomeni kwenda Mwenge, mnara mmoja ukikukabidhi kwa mwingine. Lakini orodha ya majirani sita na nguvu zao ni maelezo mazuri sana ya mahali uliposimama, na haya ya pembeni ndiyo hutumika mtu akitafutwa kweli.

Sehemu ninayoipenda zaidi ya kazi yangu ni pale mambo yanapogeuka, mnara unapokuwa ndio unaosumbuliwa na sisi tukaenda kumsaka msumbufu. Mara nyingi mkosaji ni busta. Mwenye gesti au duka la chini ya ardhi anaona mtandao ni hafifu, anamwita fundi, fundi anaweka antena moja juu ya bati, nyingine ndani, na sanduku la kukuza mawimbi katikati. Antena hizo zikikaa karibu mno zinasikiana zenyewe kwa zenyewe, sanduku linaanza kurusha kelele mfululizo kuelekea mnarani, na mtaa mzima maongezi yanakatika. Mwenye gesti hajui. Yeye simu yake inaonyesha vistari vyote.

Tulipata kesi ya namna hiyo maeneo ya Sinza. Kwenye kompyuta kelele ilionekana kwenye uso mmoja tu wa mnara wetu, kwa hiyo theluthi mbili za duara zikafutika kabla hatujatoka ofisini. Theluthi iliyobaki bado ni kubwa. Ndipo tukafungua takwimu za minara inayozunguka: upi umesikia kelele hiyo hiyo, kwa uso gani, kwa saa zile zile? Mmoja wa upande wa pili wa barabara ulikuwa umesikia, kwa mbali. Mwingine, ambao kwa mahesabu yetu ulipaswa kusikia, ulikuwa kimya kabisa, na ukimya wake ulitusaidia kuliko kelele ya wenzake, kwa sababu kati yake na eneo lililobaki kulikuwa na ghorofa moja refu. Msumbufu alikuwa kivulini mwa ghorofa lile. Kabla ya kushika antena tulishajua mitaa miwili ya kuanzia.

Kutembea na antena nako kuna ujinga wake. Unashika antena ya mabomba mkononi, kifaa cha kupimia kimening'inia shingoni, watoto wanakufuata, wazee wanauliza kama umeme utakatwa. Unageuka taratibu, unatafuta upande wenye nguvu, unachora mstari kwenye ramani. Unaenda mtaa wa pili, unachora mwingine. Mistari inapokatana ndipo penye mtu wako, ikiwa mabati yatakuruhusu. Uswahilini mabati ni kioo: mawimbi yanagonga bati la Mzee fulani, yanaruka, na antena inakuapia kwamba busta iko msikitini. Dawa yake ni kupanda juu. Tuliomba ruhusa tukapanda kwenye tangi la maji la nyumba ya jirani, na huko mistari ikakubaliana. Mwenye busta alituletea soda, akaizima mwenyewe.

Serengeti wanafanya hivyo hivyo, ila wanaosakwa wana meno. Utafiti wa simba ulioanzishwa na George Schaller mwaka 1966 umeendelea kwa miongo, na watafiti waliomfuatia walizoea kumvalisha kola ya redio jike mmoja katika kila kundi. Hawakuhitaji kuwavalisha wote. Jike hutembea na dada zake, kwa hiyo ukimpata mmoja umeshakaribia kundi. Kifaa kimoja kinawasemea wasio na kifaa.

Turudi kwenye simu na mshale wake. Fumba macho, mtu apige kofi chumbani: utaelekeza kidole upande wa sauti bila kufikiri, kwa sababu sikio moja limeisikia mapema kidogo kuliko la pili. Simu yenye antena mbili au tatu inafanya hivyo, lakini kwa shida ambayo sikio halina. Mawimbi ya redio husafiri sentimita 30 kwa nanosekunde moja, sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Antena ndani ya simu zimeachana sentimita mbili hivi. Tofauti ya muda kati yao haifiki hata sehemu ya kumi ya nanosekunde hiyo, na kuipima kwa saa ya moja kwa moja ndani ya simu ni kujitesa. Kwa hiyo simu inaangalia umbo la wimbi. Kwenye masafa ya 6.5 GHz, kutoka kilele kimoja cha wimbi hadi kingine ni kama sentimita 4.6. Ukiziweka antena mbili kwa nusu ya urefu huo, wimbi linalotoka mbele kabisa linazifikia zote mbili likiwa kileleni kwa pamoja. Linalotoka ubavuni linakuta moja iko kileleni wakati nyingine iko bondeni. Kati ya hayo mawili kuna pembe zote nyingine, na simu inazisoma hapo. Ukizitenganisha antena zaidi ya nusu hiyo, pembe mbili tofauti zinaanza kutoa jibu moja, na mshale unachanganyikiwa. Ndiyo maana zimebanana vile.

Masafa hayo ni ya teknolojia ya UWB, mawimbi ya mkanda mpana sana. Sifa yake kubwa kwetu sisi wa mabati ni ufupi wa mapigo yake: pigo moja hudumu nanosekunde mbili hivi, sawa na sentimita 60 likiwa hewani. Pigo lililokuja moja kwa moja linawasili na kupita kabla lile lililogonga ukuta halijafika, na simu inachukua la kwanza, inapuuza la pili. Bluetooth ya kawaida haina ubavu huo; wimbi lake ni refu na mkanda wake mwembamba, la ukutani na la moja kwa moja yanafika yakiwa yamechanganyika.

Hii haimaanishi Bluetooth imekaa kimya. Toleo la 5.1, la Januari 2019, liliweka ndani ya kanuni zake njia ya kupima pembe kwa antena nyingi. Simu za mkononi hazikuichangamkia. Walioichangamkia ni wenye maghala, viwanda na hospitali, ambao wanaweza kufunga vipokezi darini na kuacha dari ifanye hesabu. Kampuni ya Quuppa ya Finland, iliyochipuka kutoka maabara za Nokia mwaka 2012, ilikuwa inafanya biashara hiyo kabla hata kanuni haijaandikwa. Hapo kitanda cha wagonjwa kinabeba kidude cha bei ndogo kisichojua chochote, na ujuzi wote uko kwa majirani waliotundikwa juu.

Kwenye simu, Apple ndiyo iliyoufanya mshale uzoeleke. iPhone 11 ya 2019 ilikuja na chipu ya UWB, na AirTag, kidude chake cha kutafutia vitu, ikafuata Aprili 2021. Jambo ambalo wengi hawaligundui ni kwamba ukianza kutafuta, simu inakuomba kwanza utembee. Haikutanii. Ukipiga hatua, inachanganya vipimo vya UWB na kamera na vihisi vya mwendo, inajua imesogea kiasi gani, kisha inalinganisha alichosikia yule wa sekunde mbili zilizopita na anachosikia huyu wa sasa. Inajigeuza kuwa majirani kadhaa. Mwenzangu mmoja kazini alikaa kwenye kochi akizungusha simu na kuilalamikia kwamba mshale hautoki. Simama, kaka, utembee.

Simu nyingi zinazouzwa hapa, hasa za bei ambayo wengi wetu tunaimudu, hazina UWB. Mnabaki na nguvu ya mawimbi tu, vistari vinavyopanda na kushuka. Bado kuna ujanja, na wapenzi wa redio za ridhaa, wanaosaka mitambo iliyofichwa kama mchezo, wanautumia tangu zamani. Mwili wa binadamu umejaa maji, na mawimbi ya 2.4 GHz ya Bluetooth yanadhoofishwa sana na maji. Pakua programu yoyote ya bure inayoonyesha nguvu ya Bluetooth kwa tarakimu. Ikumbatie simu kifuani, geuka taratibu mzunguko mzima. Mahali tarakimu zinapoporomoka, kitu unachokitafuta kiko nyuma yako, umekikinga kwa mgongo. Fanya hivyo kwenye pembe mbili za nyumba. Mkiwa wawili wenye programu hiyo, simameni ncha mbili za korido mkisomeana tarakimu kwa sauti. Spika za Bluetooth na vipokea sauti vya masikioni hupatikana hivi, mradi havijaishiwa chaji.

Sasa, "mtu gani?" wa shemeji.

Kidude cha aina ya AirTag kinatangaza ufunguo, si jina wala namba ya mwenyewe, na ufunguo huo hubadilika kila mara ili asitokee wa kukifuatilia kwa kuukariri. iPhone ya mpita njia inausikia. Inachukua mahali ilipo yenyewe, inapafunga kwa ufunguo huo, inatuma kifurushi kwenye seva za Apple. Ufunguo wa kufungulia uko kwenye simu ya mwenye kidude tu. Apple inatunza kifurushi ambacho haiwezi kukisoma, na mpita njia hajui kwamba amemsaidia mtu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Darmstadt, Ujerumani, waliufungua mfumo huu kipande kwa kipande na kuchapisha walichokuta mwaka 2021, pamoja na programu huria ya OpenHaystack inayokuwezesha kujitengenezea kidude chako kwa mtandao huo huo. Walikuta pia kasoro, na mojawapo ikazibwa. Kwa uhandisi, mimi nauvulia kofia. Ni nadra kuona kampuni kubwa ikijenga kitu ambacho hata yenyewe haiwezi kukichungulia.

Lakini angalia kinachoripotiwa: mahali alipo msaidizi. Pikipiki ikipita Ubungo saa za asubuhi, kituoni pamejaa watu, mmoja ana iPhone mfukoni, kidude kinasikika. Ikipanda Goba kwenye kona ambako kila mtu ana simu ya aina nyingine, kidude kinatangaza mchana kutwa na hakuna wa kukipokelea. Ramani inabaki Ubungo. Mtandao wa majirani una nguvu ikiwa majirani wako wana simu zinazofanana na yako, na huo ndio ukweli ambao muuzaji wa Kariakoo hausemi, pengine kwa sababu naye haujui. Vidude hivi vilibuniwa California, mahali ambapo kwenye foleni ya kahawa nusu ya mifuko ina iPhone.

Kwa Android hesabu ingepaswa kutupendelea, maana ndiyo imejaa kwetu. Google ilizindua mtandao wake wa namna hiyo Aprili 2024, ikianza na Marekani na Canada kabla ya kuusambaza, na mwaka uliofuata ikauita Find Hub. Tatizo liko kwenye mpangilio unaokuja na simu. Kwa kawaida simu husaidia katika maeneo yenye watu wengi tu, ambako taarifa za simu kadhaa huunganishwa kabla ya kumfikia mwenye kidude. Sababu ni faragha: shambani, ambako simu ni moja, kuripoti kidude ni sawa na kuripoti nyumba ya mwenye simu. Naielewa sababu. Matokeo yake ni kwamba mbuzi mwenye kidude aliyepotea nje ya Kilosa hatasikika hata kama mchungaji wa jirani amepita hatua tano kutoka alipo. Mwenye simu anaweza kubadilisha mwenyewe: mipangilio, Google, Find Hub, kisha achague isaidie maeneo yote. Ukifanya hivyo wewe na kijiji chenu chote, mmejijengea minara.

Kwa pikipiki ya biashara, ushauri wangu kwa shemeji ulikuwa mfupi: nunua GPS yenye laini, lipia bando, maliza. Hiyo husikiliza setilaiti angalau nne, kisha inatuma majibu kwa mtandao wa simu, haingoji mpita njia.

Na kuna sababu ya pili, nayo ndiyo iliyomkera zaidi. Kidude hiki kinamtonya mwizi. Tangu Julai 2023 simu za Android kuanzia toleo la 6 zimekuwa zikionya zikigundua AirTag ngeni inayosafiri nazo, na Mei 2024 Apple na Google walianza kutumia kanuni moja ya maonyo hayo kwa vidude vya makampuni mbalimbali. Mwizi mwenye simu janja ataambiwa kuna kitu kinamfuata, na atapewa njia ya kukifanya kilie. "Sasa wamemtengenezea nani, mimi au mwizi?" aliniuliza. Nilimjibu wamemtengenezea dada yetu. Vidude hivi vilipotoka tu, wapo waliovitia kwenye mikoba na magari ya wanawake ili kujua wanalala wapi. Kati ya pikipiki kupotea na mtu kufuatwa mpaka mlangoni kwake bila kujua, nachagua pikipiki ipotee, na naongea kama mtu aliyewahi kuibiwa pikipiki.

Basi ukiona onyo hilo kwenye simu yako na huna kidude, usilipuuze wala usikitupe mtaroni kwa hasira. Kifanye kilie, kitafute: chini ya siti, ndani ya bitana ya begi, nyuma ya pleti namba. Ukikipata, na ikiwa ni AirTag, gusisha upande wake mweupe na simu yenye NFC, ile redio ya kusoma kwa kugusisha; utafunguka ukurasa wenye namba ya kidude na tarakimu nne za mwisho za simu ya aliyekisajili. Piga picha ya skrini. Kisha geuza upande wa chuma, bonyeza, zungusha kinyume cha saa, toa betri. Kikiwa hakina betri hakisikiki na simu ya yeyote, nacho unaweza kukibeba salama mpaka dawati la jinsia la kituo cha polisi kilicho karibu nawe, pamoja na ile picha.